Mgonjwa wa Parkinson asifungiwe ndani, mchezesheni muziki

Mzee akianza kutetemeka mkono, kuburuta miguu na kuongea kwa sauti ya chini, familia nyingi humwekea kiti barazani na kumwambia apumzike. Wapo wanaosema ni uzee, wapo wanaosema amerogwa. Wote hufika palepale: mzee anakaa kutwa nzima. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson, kukaa huko kunamwongezea ukakamavu wa viungo na kumpunguzia nguvu za miguu alizobaki nazo.

Leo nataka nikushawishi, msomaji, umnyanyue mzee huyo acheze muziki. Sisemi hivyo kwa utani. Ni jambo lililofanyiwa utafiti na linaloweza kufanyika sebuleni kwako.

Ni ugonjwa gani?

Ugonjwa huu unaitwa kwa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza katika kijitabu chake cha mwaka 1817. Ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo husaidia mwili kuanza mwendo na kuuendesha kwa ulaini. Seli hizo zikifa kidogo kidogo, mwendo huwa mzito.

Dalili zake huanza upande mmoja wa mwili mara nyingi. Mkono hutetemeka ukiwa umetulia mapajani, kisha hupungua kutetemeka mtu anapoutumia. Mwili hukakamaa, hatua huwa fupi, uso hauonyeshi furaha wala huzuni, na mwandiko huzidi kuwa mdogo. Wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa. Dalili hizi huja taratibu, kwa miezi na miaka. Mkono au mguu ukipoteza nguvu ghafla, hicho kinaweza kuwa kiharusi, hivyo mkimbize mgonjwa hospitali mara moja.

Usidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Watafiti waliopita wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, kwenye eneo lenye watu zaidi ya 161,000, walipata wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini. Waliishi na ugonjwa huo bila kujua jina lake na bila dawa.

Kwa nini muziki?

Unapotembea kwenda dukani hufikirii mguu upi unatangulia. Kuna sehemu ya ubongo inayopanga hatua zako bila wewe kujua, na hiyo ndiyo Parkinson inaivuruga. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kufika mlangoni miguu ikagoma, kama imenaswa na gundi sakafuni.

Mdundo unaolingana humpa ubongo ishara kutoka nje. Sikio lina mawasiliano ya karibu na sehemu nyingine za ubongo zinazoongoza mwendo, hivyo mguu hupata kitu cha kukifuata. Ni kama gari lenye stata mbovu. Injini yake ipo, ila mpaka lisukumwe ndipo liwake. Mdundo ndio msukumo wenyewe.

Jambo hili lilijaribiwa hukohuko Hai, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Wagonjwa 21 ambao hawakuwa wakitumia dawa walifundishwa kutembea kwa kufuata ishara za mapigo yanayolingana, vipindi 9 vya nusu saa ndani ya wiki 3. Walianza kupiga hatua ndefu zaidi na kutembea kwa kasi zaidi.

Kucheza kunaongeza mengine juu ya mdundo. Mchezaji huanza na kusimama, hugeuka, hurudi nyuma na kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Hayo ndiyo mambo yanayomshinda mgonjwa wa Parkinson. Huko St. Louis, Marekani, wagonjwa waliofundishwa kucheza tango kwa vipindi 20 vya saa moja waliboresha uwezo wao wa kusimama bila kuyumba. Brooklyn, mjini New York, kikundi cha dansi cha Mark Morris kilianzisha darasa la wagonjwa mwaka 2001, na mtindo huo umeenea nchi nyingi. Toronto, Canada, wagonjwa wa hatua za mwanzo waliocheza kila wiki walifuatiliwa hadi miaka 3, na hali yao haikuzorota kama ya wasiocheza. Kundi hilo lilikuwa dogo na walijiunga kwa hiari, kwa hiyo haithibitishi kwamba dansi inauzuia ugonjwa. Inatupa sababu nzuri ya kujaribu.

Jinsi ya kuanza nyumbani

Kwanza mwone daktari, na ikiwezekana mtaalamu wa fiziotherapia, ili muelewane anachoweza kufanya. Ni muhimu zaidi kama mgonjwa ana ugonjwa wa moyo, amewahi kuanguka, au hupata kizunguzungu anaposimama.

Chagua saa ambayo dawa zake zimeshika na mwili ni mwepesi. Ondoa mikeka, mazulia na nyaya sakafuni. Mvalishe viatu vinavyobana vizuri, si kandambili. Weka kiti kizito kisicho na magurudumu karibu na ukuta ashikilie, na mtu mmoja akae karibu naye muda wote.

Anzeni mkiwa mmekaa. Apige makofi, anyanyue mabega, akanyage chini kwa zamu kwa kufuata mdundo. Akizoea, asimame ameshika kiti, ahamishe uzito kulia na kushoto. Baadaye ndipo atembee na muziki. Mhimize afanye miondoko mikubwa kuliko anavyodhani inahitajika, kwa sababu ugonjwa huu humfanya aone hatua fupi ni hatua ya kawaida. Kugeuka afanye kwa kuzunguka taratibu kwa hatua kadhaa, asijipinde papo hapo.

Dakika 10 zinatosha kwa kuanzia, kisha ongezeni hadi nusu saa, mara 2 au 3 kwa wiki. Akipata maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kizunguzungu, mwacheni akae, na mtafute msaada wa daktari.

Miguu ikigoma katikati ya wimbo, usimvute mkono, utamwangusha. Mwambie asimame, avute pumzi, ayumbe kidogo kulia na kushoto, kisha mhesabu pamoja moja, mbili, tatu, ndipo apige hatua kubwa.

Muziki uwe na mdundo ulio wazi usio na haraka, na uwe ule anaoupenda. Waliokuwa vijana enzi za Mbaraka Mwinshehe hawatachangamkia singeli. Kama dansi si desturi ya nyumba yenu, mapambio ya kanisani au kasida yenye dufu vina mdundo uleule. Na yule atakayeuliza "mzee mzima anacheza nini?" mwelezeni kwamba anafanya mazoezi ya tiba.

Dawa zisiachwe

Muziki hauponyi Parkinson, na mpaka sasa hakuna dawa inayoiponya. Dawa yenye levodopa hurudisha kwa muda kile ambacho ubongo umekosa, na kwa wagonjwa wengi huleta nafuu kubwa. Isiachwe ghafla eti kwa sababu mzee sasa anacheza vizuri, maana kuikatisha ghafla ni hatari. Kama bei inawashinda, rudini kwa daktari mzungumze kabla dozi haijakatika.

Kumbuka pia kwamba sononi huwapata wengi wenye ugonjwa huu, na kufungiwa ndani huizidisha. Dakika hizo chache anazocheza na wajukuu huwa pia nafasi yake ya kuwa na watu.

Kama una mzazi au jirani mwenye dalili nilizotaja, mpeleke kituo cha afya wiki hii na uombe apewe rufaa ya kumwona daktari wa magonjwa ya mishipa ya fahamu au daktari bingwa wa magonjwa ya ndani. Mkirudi nyumbani, muulize ni wimbo gani aliupenda alipokuwa kijana, kisha mwanze na huo.