Kabla ya kung'oa tangi la maji moto bafuni, pima mambo haya

Juni na Julai ni miezi ambayo wazazi wa Njombe, Mbeya, Iringa na Arusha wanaijua vizuri. Saa kumi na mbili asubuhi mtoto anatakiwa aoge, avae sare na awahi gari la shule, lakini maji ya bombani yanauma vidole. Ndipo wengi wanapoanza kuulizia bei ya hita.

Kwa miaka ya karibuni jibu la haraka madukani limekuwa moja: achana na tangi, funga shawa ya umeme, ile inayochemsha maji papo hapo yanapopita. Ni ndogo, bei yake ni ya chini kuliko ya tangi, na husubiri maji yapate moto. Muuzaji ataongeza kwamba inaokoa umeme.

Sehemu ya maneno hayo ni kweli. Lakini kwa nyumba yenye watoto, uamuzi huu hauanzii kwenye bei ya kifaa. Unaanzia kwenye waya uliopita ukutani, nguvu ya maji yanayoshuka kutoka kwenye simtanki, na umri wa anayekwenda kuoga.

Je, inaokoa umeme kweli?

Tuchukue familia ya watu watano. Kila mmoja anaoga dakika tano kwa shawa ya wati 5,500, ambayo ni ya kawaida madukani. Dakika hizo tano hula karibu nusu uniti. Watu watano ni uniti 2.3 kwa siku, sawa na uniti 69 kwa mwezi.

Sasa tuchukue tangi la lita 50 lililochemsha maji kutoka nyuzi joto 20 hadi 60. Ukichanganya na maji ya baridi unapata lita 100 za kuoga zenye nyuzi 40, zinazowatosha watu wale wale watano. Umeme uliotumika? Uniti 2.3. Ni ule ule.

Sababu ni kwamba lita moja ya maji inahitaji nguvu ile ile ili ipate moto, iwe imepitia kwenye tangi au kwenye shawa. Tofauti inakuja kwenye kuacha. Tangi linaloachwa limewashwa mchana kutwa na usiku kucha linapoteza joto, kisha linachemsha tena maji ambayo hakuna anayeyatumia. Hapo ndipo fedha inapotea.

Kwa hiyo, kama tayari una tangi zima na unaliwasha saa moja na nusu kabla ya familia kuoga kisha unalizima, kuling'oa hakutakupunguzia sana gharama. Kama linawaka saa 24, jaribu kwanza kulizima kwa mwezi mmoja uone LUKU yako inavyokwenda kabla ya kununua kitu kingine.

Angalia uko kundi gani la LUKU

Kwa bei za TANESCO zilizotangazwa mwaka 2016, mteja mdogo wa kundi la D1 hulipa Sh100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha, kila uniti ya ziada ni Sh350. Mteja wa kawaida wa nyumbani, kundi la T1, hulipa Sh292.

Rudi kwenye hesabu ya familia yetu. Uniti 69 za kuoga peke yake, ukiongeza taa, televisheni na friji, zinakutoa nje ya zile 75. Aliyezoea umeme wa bei nafuu anaweza kushtuka mwezi wa kwanza. Kwa aliye T1, kuoga huko ni karibu Sh20,000 kwa mwezi kabla ya kodi na tozo. Kila mtu akikaa dakika kumi badala ya tano, ni karibu Sh40,000.

Mnaoishi nyumba ya kupanga na kuchangia LUKU moja, zungumzeni kabla ya mmoja wenu kufunga shawa. Si tu kwa ajili ya mchango. Shawa mbili zikiwashwa kwa pamoja zinavuta ampea karibu 50, na nyaya nyingi za nyumba hizo hazikuwekwa kwa mzigo huo.

Waya na ethi ndiyo roho ya mtu

Shawa ya wati 5,500 inavuta ampea 24 hadi 25. Soketi ya ukutani ni ya ampea 13. Kuunganisha shawa kwenye waya wa soketi ni kuupa waya huo mzigo unaokaribia maradufu. Waya unapata moto ndani ya ukuta, plastiki inayeyuka, na moto wa nyumba unaweza kuanzia hapo.

Shawa inatakiwa iwe na waya wake yenyewe kutoka kwenye kisanduku cha umeme, mnene wa milimita 4 au 6 za mraba kutegemea umbali, na breka yake. Swichi iwe mahali ambapo anayeoga hawezi kuigusa akiwa amelowa.

La pili ni ethi. Katika shawa nyingi za aina hii, koili inayochemsha maji iko ndani ya maji yenyewe bila kufunikwa. Ethi ndiyo inayouchukua umeme unaovuja na kuupeleka ardhini badala ya kupita kwenye mwili wa mtoto wako. Fundi akikata ule waya wa kijani na njano au akauacha unaning'inia, kazi hiyo haijaisha hata kama maji yanatoka ya moto.

Mwambie pia afunge kile kifaa ambacho mafundi wanakiita RCD. Hukata umeme mara tu unapoanza kuvuja, na cha nyumbani kinachofaa kulinda mtu ni cha miliampea 30. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, na umwombe apime ethi mbele yako.

Kwa wakazi wa Pwani na wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, uliza dukani kama shawa hiyo imetengenezwa kwa maji hayo. Chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi na hula koili haraka.

Mtoto akisema bomba "linamchoma" au "linamtetemesha", usimwambie anadeka. Zima umeme na usitumie bafu hilo hadi fundi aje. Na ukimkuta mtu amenaswa na umeme bafuni, usimshike. Zima swichi kuu kwanza.

Maji yakipungua, joto linapanda

Hili wauzaji wengi hawalisemi. Shawa haijui maji yana joto kiasi gani, inachojua ni kuchemsha yanayopita. Yakipita lita 4 kwa dakika, shawa ya wati 5,500 huyatoa nyuzi 20 hadi karibu 40, joto zuri la kuoga. Sasa mtu afungue bomba la jikoni na maji ya shawa yapungue hadi lita 2 kwa dakika. Maji yale yale yanafika karibu nyuzi 60.

Nyuzi 60 zinaweza kumuunguza vibaya mtu mzima kwa sekunde tano hivi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, huungua kwa muda mfupi zaidi. Shawa nyingi hujizima maji yakipungua mno, lakini zinaweza kuunguza kabla ya kufikia hapo.

Tangi nalo lina hatari yake. Maji yake yanatakiwa yafike nyuzi 60 ili kuua bakteria wa legionela, wanaostawi kwenye maji ya vuguvugu yaliyotuama na wanaoweza kusababisha nimonia. Kwa hiyo kulishusha hadi nyuzi 40 ili kumlinda mtoto si suluhisho. Suluhisho ni kuchanganya maji kabla hayajamgusa.

Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, shawa au tangi, kanuni ni moja. Mwogeshe kwenye beseni. Tanguliza maji ya baridi, kisha ongeza ya moto, koroga, na pima kwa kiwiko. Yawe ya vuguvugu, nyuzi 37 au 38. Usimwache peke yake, hata kama simu inaita. Mkubwa kidogo mfundishe kufungua maji na kuyajaribu kwa mkono kabla ya kuingia chini yake, na kutogusa swichi ya joto maji yakiwa yanatiririka.

Akiungua, mwagia maji safi ya bomba, ya baridi na si ya barafu, kwa dakika 20. Vua nguo na shanga zisizoganda kwenye ngozi. Dawa ya meno, mafuta na ute wa yai viache. Mpeleke kituo cha afya akitoka malengelenge, akiungua usoni, mikononi au sehemu za siri, au kama bado ni mchanga.

Umeme ukikatika je?

Tangi lililochemka linaweza kuwapa maji ya moto saa kadhaa baada ya umeme kukatika. Shawa haitoi kitu. Umeme ukiwa mdogo nayo inalegea: ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, nguvu yake inabaki asilimia 61 tu.

Wapo wanaokimbilia hita ya gesi isiyo na tangi. Ni nzuri, lakini mahali pake ni nje ya nyumba, kwenye hewa. Ikifungwa ndani ya bafu lisilopitisha hewa inaweza kujaza kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua kimya kimya.

Uamue vipi?

Shawa inakufaa kama mko wachache, mnaoga haraka na kwa nyakati tofauti, simtanki iko juu vya kutosha, na uko tayari kulipia waya mpya, ethi na RCD. Gharama hiyo iweke kwenye bajeti pamoja na bei ya shawa.

Baki na tangi kama ni zima, mnaoga wengi kwa mpigo asubuhi, umeme wenu hukatika mara kwa mara, au maji yenu hupungua bila taarifa.

Na kama fedha ya waya haijapatikana, endelea na sufuria na ndoo msimu huu. Maji ya moto yaliyochanganywa vizuri kwenye beseni ni salama kuliko shawa mpya isiyo na ethi.