Mbwa Akila Mdudu wa Maua ya Kunde



Kunde na mbaazi zikianza kutoa maua, wale wadudu weusi wenye milia ya manjano au mekundu mgongoni huja kuyala. Kina mama wa mwethya huku Kambu wanawajua: ukimponda mkononi, ngozi inatoka malengelenge kama umeungua. Sumu yake inaitwa kantharidini, nayo haiishi mdudu akifa, hata akikauka. Kwa hivyo wale mliowaokota na kuwatupa kando ya shamba bado ni hatari kwa mbwa, hasa wale wadogo wanaotafuna kila kinachotembea.

Mbwa aliyemla hutoa mate mengi, hujikuna mdomo, hutapika na kukataa chakula. Akimeza wengi, sumu hushika tumbo na figo, na mkojo unaweza kutoka na damu.

Hapa ndipo penye shida. Mbwa akidondosha mate, watu wanasema ana kichaa, anapigwa mawe hadi kufa. Wengine nao wanamtia mkono mdomoni, kumbe ni kichaa kweli! Hili la pili ndilo baya zaidi. Ugonjwa huo uko huku kwetu. Makueni na Kitui ni kati ya kaunti za kwanza zilizochaguliwa katika mpango wa taifa wa kuumaliza, wa mwaka 2014 hadi 2030.

Basi jiulize kwanza: nimemwona akila mdudu? Amedungwa sindano ya kichaa? Kama hapana, au amebadilika tabia na anauma ovyo, usimguse. Mfungie mahali bila kumshika, watoto wakae mbali, mwite daktari wa mifugo. Akikuuma, au mate yake yakiingia kwenye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje ati uone kama mbwa atakufa.

Kama ulimwona akila, na sindano anayo, vaa glavu umsafishe mdomo kwa maji safi, kichwa kikiwa kimeinama ili maji yasiende mapafuni. Akiweza kumeza, mpe maji anywe. Maziwa na mafuta, ambayo wengi hukimbilia, hapana: sumu hii huyeyuka katika mafuta na kuingia mwilini upesi. Wala usimtapishe kwa chumvi. Koo litaungua mara ya pili, na chumvi nyingi yenyewe humdhuru. Dawa ya kuivunja sumu hii hakuna. Daktari humtunza kwa maji ya mshipa na dawa za tumbo, kwa hivyo mpeleke mapema, na mdudu mmoja ndani ya kopo ili aonekane.

Mkienda kuokota wadudu shambani, vaeni glavu, watieni kwenye mkebe wa maji ya sabuni wafe, kisha wazikeni shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Na siku kikundi kikikutana, andikeni mbwa wa kila boma ambaye hajadungwa mwaka huu, mpeleke hesabu hiyo kwa ofisi ya mifugo.