Je, Wajua? Asidi aspatiki, kutoka Magadi hadi Kitengela

Je, wajua kwamba Kajiado kuna samaki ambaye taka za mwili wake zinafanana zaidi na mkojo wako kuliko na taka za samaki wenzake? Teremka barabara ya Magadi kutoka Kiserian, upite Kona Baridi na Olorgesailie, hadi Ziwa Magadi. Maji yake yana pH ya karibu 10, na kwenye baadhi ya chemchemi joto hupita nyuzi 40. Humo anaishi Alcolapia grahami, ndugu mdogo wa tilapia.

Samaki wa kawaida hutoa amonia kupitia matamvua, maji yakaibeba. Maji ya Magadi ni makali mno, amonia haitoki kwa urahisi, na ikibaki mwilini ni sumu. Mwaka 1989 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa David Randall, Chris Wood na wenzao, akiwemo Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi: samaki huyu huigeuza amonia yote kuwa urea. Kila chembe ya urea ina naitrojeni mbili. Moja inatokana na amonia. Ya pili huletwa na asidi aspatiki, mojawapo ya asidi amino 20 zinazojenga protini. Ini lako hufanya kazi hiyohiyo ukishakula nyama choma pale Kitengela, ila samaki wa Magadi ana mitambo hiyo hadi kwenye misuli. Mimi ningemweka kwenye nembo ya kaunti.

Je, wajua jina lilitoka wapi? Kwenye mboga. Mwaka 1806 Wafaransa Vauquelin na Robiquet walipata asparajini katika maji ya mmea wa asparaga, na mwaka 1827 Plisson na Henry wakaigeuza kuwa asidi aspatiki.

Je, wajua kwamba asidi hii ni saa? Huja kwa maumbo mawili, kama akala za mguu wa kushoto na wa kulia: zinafanana kwa kila kitu, lakini huwezi kuzibadilisha. Mwili hujenga protini kwa umbo la kushoto tu. Muda ukipita, baadhi hugeuka zenyewe kuwa za kulia, na asidi aspatiki ni miongoni mwa zinazogeuka haraka zaidi. Kwenye jino, ambalo mwili haulijengi upya, mgeuko huo ni takriban asilimia 0.1 kwa mwaka. Patricia Helfman na Jeffrey Bada walilionyesha hilo katikati ya miaka ya 1970, na leo wataalamu wa maiti hulitumia kukadiria umri wa mtu asiyejulikana. Mzee wa Kimaasai ukimuuliza miaka yake atakutajia rika kwanza, Iseuri au Ilkitoip, na hesabu utafanya mwenyewe. Jino lake lina hesabu yake pia, lakini lazima ling'olewe kwanza, kwa hiyo afadhali rika. (Na usichanganye na yale madoa ya kahawia kwenye meno: hayo ni floraidi ya maji ya visima, hayahusiani na umri.)

Saa hiyohiyo imo kwenye lenzi ya jicho. Mwaka 1999 watafiti walipima macho ya nyangumi wa Alaska wakakadiria kwamba mmoja alikuwa na miaka 211 hivi.

Je, wajua kwamba saa hii ililetwa pia Olduvai? Mwaka 1973 Bada na Reiner Protsch walichapisha umri wa mifupa ya huko wakitumia asidi aspatiki. Tatizo ni joto: mfupa uliokaa juani hugeuza asidi upesi kuliko uliokaa pangoni, na usipojua historia ya joto lake, umri unapotea. Mifupa ya California iliyodaiwa kuwa na makumi ya maelfu ya miaka ilikuja kuonekana ni michanga mno. Protsch naye alistaafishwa na Chuo Kikuu cha Frankfurt mwaka 2005 baada ya uchunguzi kubaini kwamba alighushi umri wa mabaki kadhaa. Sijui lipi baya zaidi, saa inayokwenda mbio au mtu anayesogeza mishale yake.

Je, wajua kwamba ganda la yai la mbuni, ndege yuleyule unayemwona kwenye nyika za Kajiado, linaweza kutunza protini kwa miaka milioni 3.8? Ndivyo Beatrice Demarchi na wenzake walivyotangaza mwaka 2016 kutokana na maganda ya Laetoli, Tanzania. Protini nyingine zote zilikuwa zimeoza. Kipande kilichobaki kina asidi aspatiki kwa wingi: ina chaji hasi, kalisi ya ganda ina chaji chanya, zikashikana zisiachane.

Je, wajua kwamba kimeng'enya cha kugandisha maziwa tumboni mwa ndama hufanya kazi kwa asidi aspatiki mbili zinazotazamana? Kimeng'enya ambacho virusi vya UKIMWI hutumia kukata protini zao kimejengwa kwa mtindo huohuo. Dawa za ARV kama atazanavir na lopinavir huziba pale hasa zilipo hizo mbili.

Je, wajua maana ya AST kwenye karatasi ya maabara ukipimwa ini? A ni ya aspatiki. Ni kimeng'enya kinachohamisha naitrojeni yake; seli za ini au misuli zikiumia, humwagika kwenye damu.

La mwisho lipo kwenye friji ya duka lolote la Kitengela. Mwaka 1965 mkemia James Schlatter alikuwa akitafuta dawa ya vidonda vya tumbo, akalamba kidole ili ashike karatasi, akakuta utamu. Ilikuwa aspatame, asidi aspatiki iliyounganishwa na fenilalanini, tamu mara 200 hivi kuliko sukari. Julai 2023 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, huku kamati ya wataalamu wa viungio vya chakula ikibakiza kiwango cha miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70, hizo ni zaidi ya makopo 9 ya soda isiyo na sukari. Ukiinunua, geuza kopo usome maandishi madogo.