Kompyuta ya Parokia Inapochaji na Kuacha: Tuanze Kukagua Wapi?

Parokia nyingi tunazoshirikiana nazo sasa zinatunza kumbukumbu zao kwenye kompyuta mpakato: orodha za ubatizo na ndoa, hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa, majina ya watoto wanaolipiwa karo, na taarifa zinazokwenda kwa wafadhili kila robo mwaka. Kompyuta hiyo ikichaji leo na kugoma kesho, kazi zote hizo husimama. Kinachofuata mara nyingi ni kikao cha kamati, na katika kikao hicho hakosekani mjumbe wa kupendekeza inunuliwe mpya. Tunaomba pendekezo hilo lisubiri kidogo. Kati ya kompyuta zinazoletwa ofisini kwetu na malalamiko haya, nyingi zina ubovu ulio nje ya kompyuta yenyewe, tena wa kitu cha bei ndogo.

Kabla ya jambo lolote, maadamu bado kuna chaji, nakilini mafaili yote kwenye flashi na kuitunza mahali pengine. Kompyuta hununuliwa tena, lakini hesabu za kikundi cha akina mama za miaka mitatu hazipatikani dukani.

Baada ya hapo fuateni njia ya umeme. Unatoka ukutani, unapita kwenye kisanduku cha chaja ambako volti 230 zinashushwa hadi 19 au 20 hivi, unaingia kwenye tundu la kompyuta, na mwisho unafika kwenye betri. Anzeni ukutani. Chomekeni chaja moja kwa moja kwenye soketi, bila ekstensheni. Ekstensheni za bei rahisi hulegea ndani, na plagi ikiguswa kidogo umeme unakatika na kurudi. Sukumeni pia ule waya wa plagi mahali unapoingia kwenye kisanduku cha chaja. Huo huchomoka kidogo kidogo, na kwa macho unaonekana umeingia sawasawa.

Kwenye vigango vinavyotumia sola kuna jambo la ziada. Inveta za bei nafuu hutoa umeme usio laini kama ule wa gridi, na baadhi ya chaja huunguruma, hupata joto kali au huchaji kwa kusitasita. Kompyuta ikichaji vizuri parokiani na kusumbua kigangoni, shukuni inveta kwanza, au betri ya sola iliyochoka.

Sasa someni maandishi yaliyo kwenye kisanduku cha chaja. Sehemu iliyoandikwa OUTPUT inaonyesha volti na ampea, kwa mfano 19.5V na 3.34A, ambazo zikizidishwa zinatoa wati 65. Kanuni ni hii: volti zilingane na zile zilizoandikwa chini ya kompyuta, na ampea zinaweza kuzidi lakini zisipungue. Mkiazima chaja ya wati 45 kwa kompyuta inayotaka 65, huenda ikajaza betri kompyuta ikiwa imezimwa, kisha ikashindwa mara katibu anapoanza kazi. Ndiyo maana wengine husema kompyuta yao "inachaji usiku tu".

Kompyuta nyingi za Dell na HP zina pini nyembamba katikati ya kichwa cha chaja. Kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa kompyuta. Pini hiyo ikipinda, au uzi wake ukikatika ndani ya waya, kompyuta huweza kuwaka na kufanya kazi huku betri haiongezeki hata kidogo. Wengi hununua betri mpya hapo, na tatizo hubaki lile lile. Kwa kompyuta mpya zenye tundu dogo la USB-C, kosa la kawaida ni kutumia chaja ya simu: kichwa kinaingia vizuri, lakini nguvu haitoshi. Waya nao una kikomo, na nyaya nyingi za aina hiyo hazipitishi zaidi ya wati 60.

Chaja ikiwa nzima, geukieni tundu. Zimeni kompyuta, chomoeni chaja, mulikeni kwa tochi na toeni vumbi kwa kijiti kikavu cha mbao. Msitumie sindano. Kisha chomekeni chaja na mtikise kichwa chake taratibu huku mkitazama taa ya chaji. Ikiwaka na kuzima kwa kila mtikiso, tundu limelegea au waya umekatika karibu na kichwa. Jaribuni chaja nyingine inayofaa: taa ikitulia, kosa lilikuwa la waya, na isipotulia ni la tundu. Katika kompyuta nyingi tundu la mviringo lina kiwaya chake, na fundi hulibadilisha bila shida. La USB-C mara nyingi limechomelewa kwenye bodi kuu, kwa hiyo tafuteni fundi mwenye vifaa vya kazi hiyo.

Betri tunaiweka mwisho kwa makusudi. Kama inachomoka, itoeni na muwashe kompyuta kwa chaja peke yake. Ikifanya kazi kwa utulivu, chaja na tundu havina neno, na betri ndiyo ya kushukiwa. Kwa betri ya ndani, kompyuta za Windows 8 na kuendelea hutoa taarifa ukiandika amri powercfg /batteryreport. Linganisheni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ukiwa umeshuka chini ya nusu, betri imezeeka. Lakini ikiwa kila mara inasimama kwenye asilimia 80 au 60 bila kuzidi, angalieni kwanza mipangilio, kwani zipo kompyuta zilizowekewa kikomo hicho ili betri idumu. Betri iliyovimba ni jambo jingine kabisa. Zimeni kompyuta, msiichaji tena, msiitoboe, na mpelekeeni fundi, kwa sababu inaweza kushika moto.

Kwa wafadhili wetu mnaotutumia kompyuta zilizotumika, tunashukuru, na tuna ombi moja: kila kompyuta ije na chaja yake halisi. Plagi ya nchi yenu isiwazuie. Chaja iliyoandikwa 100–240V inafaa kwa umeme wa hapa bila transfoma, na sisi tutanunua waya wa plagi yenye pini tatu.

Kamati zinazoleta kompyuta ofisini zije na chaja pamoja na waya wake, na karatasi inayoeleza tatizo hutokea wapi na saa ngapi. Zinazokuja bila chaja tunashindwa kuzikagua, na safari huwa ya bure.