Kabla ya Kumpa Mpangaji Ufunguo

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Somo hili umelisikia redioni. Sasa umelishika mkononi. Lisome polepole. Ukikwama, mwulize jirani yako au mwalimu wako.

Leo twazungumza juu ya nyumba ya kupangisha. Bungu iko juu milimani, katika Usambara, Wilaya ya Korogwe. Mwalimu aliyeletwa kufundisha huku hana nyumba ya baba yake hapa. Muuguzi naye ni hivyo hivyo. Mwenye duka aliyetoka Korogwe mjini hawezi kupanda na kushuka mlima kila siku. Watu hawa wanatafuta chumba. Nawe labda unacho chumba kitupu, tangu watoto walipooa na kuolewa. Chumba hicho chaweza kukuletea fedha ya sare za shule na mabati. Lakini chaweza pia kukuletea ugomvi.

Sikia mfano huu. Tuseme kuna mama mjane mwenye chumba kimoja. Kodi ni Shs. 20,000/- kwa mwezi. Akaja mwalimu mgeni, mtu mpole, akalipa kodi ya mwaka mzima. Piga hesabu: 20,000 mara 12 ni 240,000. Mama alifurahi sana. Alinunua mabati, fedha ikaisha. Hawakuandika neno lolote.

Baada ya miezi minne mwalimu akahamishwa. Akasema, "Mama, nimekaa miezi minne tu. Nirudishie ya miezi minane." Yaani Shs. 160,000/-. Mama akajibu, "Mwanangu, hatukupatana hivyo." Mwalimu akasema, "Tulipatana, Mama." Nani mwongo? Pengine hakuna mwongo. Kila mmoja alikumbuka maneno yaliyompendeza. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, ufanye nini ili yasikupate haya?

Kwanza, tengeneza chumba. Huku kwetu mvua ni nyingi na baridi ni kali. Paa likivuja, mpangaji mzuri atahama, na asiye mzuri atakaa bila kulipa, akisema nyumba ni mbovu. Ziba paa, tia kitasa, safisha choo.

Pili, tangaza. Mwambie mwalimu mkuu wa shule. Waambie watu wa zahanati, wenye maduka, na wenzako msikitini au kanisani. Bandika karatasi yenye maneno haya: CHUMBA KINAPANGISHWA. Ukimtumia dalali, patana naye mapema. Mjini dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Mwulize: ni nani atakayemlipa, wewe au mpangaji?

Tatu, mjue mtu. Tazama kitambulisho chake cha taifa, uandike jina lake kama lilivyoandikwa humo. Mwulize anafanya kazi gani, watakaa watu wangapi, na alikuwa akikaa wapi. Mpigie simu mwenye nyumba wake wa zamani. Swali moja latosha: "Akirudi kwako leo, utampokea?" Kisha mpeleke mgeni wako kwa mwenyekiti wa kitongoji, ajulikane.

Lakini usimkatae mtu kwa ajili ya kabila lake au dini yake. Wala usimkatae mwanamke kwa sababu hana mume. Kabila halilipi kodi. Anayelipa ni mtu mwenye kazi na mwenye neno lake.

Nne, patana juu ya kodi. Zamani ilikuwako sheria ya mwaka 1984 iliyozuia kodi za nyumba zisipandishwe ovyo. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano ya watu wawili. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mara moja. Fedha nyingi ni tamu, lakini kumbuka yule mama. Fedha ya mwezi ujao bado si yako kabisa. Kwa mtu wa mshahara, miezi mitatu mitatu ni mizigo myepesi kwenu wote wawili.

Tano, andika. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakubali upangaji wa mwaka mmoja, au chini ya hapo, ufanywe kwa mdomo. Lakini maneno ya mdomo hayana shahidi. Andika karatasi mbili zinazofanana, moja yako na moja yake. Ziandikwe hivi:

*Mimi ........ nimempangisha ........ chumba kimoja, kuanzia tarehe ........ mpaka tarehe ........*
*Kodi ni Shs. ........ kwa mwezi. Leo amelipa Shs. ........, yaani miezi ........*
*Mpangaji akihama kabla ya muda, atarudishiwa / hatarudishiwa kodi iliyobaki.*
*Anayetaka kuvunja mapatano atatoa notisi ya mwezi mmoja.*
*Umeme na maji atalipa ........*
*Sahihi ya mwenye nyumba ........ Sahihi ya mpangaji ........ Shahidi ........*

Mstari wa tatu ndio uliomshinda yule mama. Futeni neno moja kabla ya kutia sahihi. Usiutie mkono wako kwenye maneno ambayo hukuyasoma, au hukusomewa. Zamani ulitia dole gumba tu. Sasa unajua kuandika jina lako, liandike.

Kila ukipokea kodi, andika stakabadhi. Kama fedha imeletwa kwa simu, usifute ujumbe wake.

Sita, mkabidhi chumba. Zungukeni pamoja. Andikeni vitu vilivyomo: mlango, kitasa, vioo, taa. Kama mita ya LUKU ni moja kwa nyumba nzima, semeni nani atanunua umeme na kwa zamu gani. Ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia hapo.

Baada ya hapo, chumba ni chake mpaka muda uishe. Usiingie bila hodi. Asipolipa, usivunje mlango wala usitupe vyombo vyake nje. Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, mkae mzungumze. Shauri likishindikana, liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mjini Korogwe. Huko utaulizwa, "Karatasi iko wapi?" Aliyeandika ataitoa.

Maswali

1. Kwa nini mama na mwalimu waligombana?
2. Kodi ni Shs. 15,000/- kwa mwezi. Mpangaji amelipa ya miezi 6, akahama baada ya miezi 2. Kodi iliyobaki ni kiasi gani?
3. Taja mambo matatu ya kumwuliza mpangaji mpya.
4. Andika daftarini stakabadhi ya kodi ya mwezi mmoja. Usisahau tarehe.

Jibu la swali la pili utalisikia katika somo lijalo. Kwaheri, ndugu mwanafunzi.