GIFT: Zawadi au Sumu?

Soma neno hili: GIFT. Lina herufi nne tu. Huenda kijijini kwenu yuko mtoto anayeitwa hivyo. Ni jina la Kiingereza, maana yake zawadi. Jina zuri.

Lakini Mjerumani akiliona limeandikwa kwenye chupa, chupa hiyo haonji. Kwa Kijerumani Gift ni sumu. Kwa Kiswidi ni sumu pia, tena ni mtu aliyeoa au kuolewa! Wenyewe hawababaiki, wanaangalia linasemwa wapi.

Ilikuwaje? Asili ya neno ni moja, nayo ni kutoa. Gift ni kitu kinachotolewa. Waingereza wakabaki na zawadi. Wajerumani wakaanza kulitumia kwa dawa anayopewa mtu anywe, na polepole likawa sumu.

Tusiwacheke. Sisi je? Twasema dawa ya panya, dawa ya kupe, dawa ya pamba. Zote hizo ni sumu. Na mtoto akiumwa tumbo twamwambia, "Haya, kunywa dawa." Akiikuta dawa ya pamba ndani ya chupa ya soda, atajuaje kwamba hii inaua?

Basi dawa ya shamba usiihamishie kwenye chupa ya soda wala ya maji. Iache katika chombo chake chenye maandishi, iwe juu, mbali na chakula, pasipofikiwa na watoto. Na unapoitaja mbele yao, sema "sumu ya panya".