Udongo Mikononi mwa Watoto

Wahenga walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Mwalimu wa darasa la kwanza na ashike neno hili. Kwanza auchambue udongo, atoe vijiwe na mizizi, kisha watoto waukande mpaka ulainike. Mtoto akitaka kumtia ng'ombe wake pembe, akwaruze mahali pa kuungia na kupapaka udongo wa majimaji; pasipo hivyo pembe itabanduka. Kazi zikauke kivulini, polepole. Juani sehemu nyembamba hukauka na kusinyaa kabla ya zile nene, ndipo nyufa hutokea. Mtoto aliyeona ng'ombe wake amepasuka huenda asitake kushika udongo tena. Basi, mwalimu asimsahihishie umbo. Umbo ni la mtoto. Kazi ya mwalimu ni kuzuia nyufa.